Ukoko wa Mwenye Kuni

Kiuyu, kijiji cha Pemba, wapo watu waliosoma vitabu, wapo waliosoma nyota, na alikuwapo Bi Mwanabaraka binti Jecha, aliyesoma masinia. Skuli hakukaa zaidi ya miaka miwili. Lakini sinia likirudi kutoka kwa wageni, alilitupia jicho moja tu akajua kila kitu. Wali uliosukumwa pembeni, basi haukuiva. Nyama iliyotafunwa ikaachwa, basi ng'ombe alikuwa mzee kuliko waliomla. Na sinia lililorudi na iliki na vijiti vya mdalasini peke yake, hilo alilishika kwa mikono miwili, akatabasamu, akalipeleka mwenyewe kuoshwa.

Wala hapakuwa na njia nyengine ya kujua. Mpemba akialikwa hasemi kuwa chakula ni kibaya, hata umbane mlangoni. Atakula tonge mbili tatu, atasema alhamdulillahi, atamwombea dua mwenyeji na wazee wake waliotangulia, kisha ataondoka zake na njaa. Ukweli atauacha kwenye sinia.

Bi Mwanabaraka alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitma, maulidi, akika ya mtoto: kwa zaidi ya miaka thelathini haikutelekwa sufuria kubwa pale kijijini bila yeye kuitwa. Hata katika ile miaka ya mwanzo ya vyama vingi, watu walipogawana maduka na misikiti, na ndugu wa tumbo moja wakawa hawazikani, yeye alipika kwa wote. Leo kwa watu wa chama hiki, kesho kwa wa chama kile. Alipobanwa aseme yuko upande gani, alijibu, "Mie n'ko upande unaotoka upepo, nsile moshi." Walicheka hata wale waliokuwa na hasira, na sufuria zikaendelea kutelekwa.

Siri yake, mwenyewe akisema, haikuwa bizari wala mkono. Ilikuwa kuni. Mwembe una moshi mwingi na kazi kidogo. Mkarafuu mkavu una moto wa adabu lakini haupatikani wa kutosha. Kuni hasa ni mkoko, na katika mikoko ni mkandaa, unaowaka hata ukiwa mbichi na ambao makaa yake hukaa mekundu kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Makaa hayo ndiyo yaliyokuwa kila kitu. Pilau ya kilo ishirini haiivi kwa moto wa chini peke yake. Maji yakishakauka, moto wa chini huvutwa, makaa hupaliwa juu ya kifuniko, na wali hukaa hapo katikati ya mioto miwili, ukimaliza kuiva taratibu, kila punje imesimama peke yake. Asiyejua kupalia, alikuwa akiwaambia wasichana waliomsaidia, huyo hajui kupika, anajua kuchemsha.

Wapo waliotaka kupalia kwa vifuu vya nazi. Aliwacheka. "Kifuu ni moto wa watoto," alisema, "wa kuchomea mhogo." Msemo huo ulienea kijiji kizima, na kama utakavyoona, ulimrudia mwenyewe.

Kuni zake alikata Khatib, mdogo wake. Ndugu hawa walikuwa wawili tu waliobaki kwa mama yao. Khatib alikuwa mtu wa maneno machache na mabega mapana, na maisha yake yote yalikuwa panga, kamba na maji ya mkokoni yanayofika magotini. Harusi ikitangazwa, dada mtu alimwambia, "Khatib, mizigo kumi," naye akaleta kumi. Malipo yake ya heshima, mbali na ujira, yalikuwa ukoko wa sufuria ya kwanza. Hiyo ilikuwa ada ya pale tangu zamani: ukoko ni wa mwenye kuni, na hupelekewa mbele ya watu kabla mtu mwengine hajaramba kidole.

Kwa hawa wawili ukoko ulikuwa na historia yake. Walipokuwa wadogo, mama yao aliukwangua ukoko wa chungu akauweka kwenye sahani moja, akawaachia. Siku za amani kila mmoja alikula nusu. Siku walizogombana, aliyetangulia kuifikia sahani akiwa bado na kinyongo aliumaliza wote, na aliyekwisha kusamehe alimwachia mwenzake nusu yake. Hawakuwa na njia nyengine ya kuombana radhi, na hata walipoota mvi hawakujifunza nyengine.

Sasa, chini ya kijiji lilikuwako bonde la mpunga, na ndani yake jaruba nne alizorithi Bi Mwanabaraka kwa mama yake. Mpunga wake ulikuwa mfupi, mwekundu kidogo, wenye harufu ambayo mchele wa magunia haujawahi kuiota. Kati ya bonde na bahari palikuwa na mikoko, na kati ya mikoko na bonde palikuwa na tuta la udongo ambalo hakuna aliyelijali. Mwaka hata mwaka mikoko ilipungua, na hakuna aliyeijali hiyo pia. Kisha ikaja bamvua moja kubwa, mpunga ukiwa umeanza kutia mimba, na bahari ikapanda, ikavunja tuta, ikaingia bondeni na kukaa humo siku tatu. Ilipotoka iliacha chumvi. Mpunga uligeuka rangi ya majani ya chai. Mwaka uliofuata walipanda tena, ikawa hivyo hivyo. Mwaka wa tatu hawakupanda.

Bi Mwanabaraka alikwenda akasimama kwenye jaruba za mama yake, akauona ule weupe wa chumvi kwenye nyufa, akalia. Kisha akapandisha kilima kwenda kupika hitma ya watu, kwa kuni za mkandaa.

Mwaka ambao nguzo za umeme zilifika Kiuyu, umeme ule uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, ndipo alipokuja Bwana Nassor, bwana misitu kutoka Wete. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani na viatu visivyofaa tope. Mkutano ulifanyika skuli. Alichora ubaoni: bahari, mikoko, tuta, bonde.

"Mikoko ni ua," alisema. "Ukiubomoa ua wako, usishangae kumkuta ng'ombe wa jirani shambani. Na ng'ombe huyu ni bahari, na kila mwaka anazidi kunenepa, kwa sababu dunia inazidi kupata joto."

Akaeleza kuwa Serikali inataka watu wa kila shehia walinde misitu yao wenyewe, kwa makubaliano na kamati. Mikoko isikatwe, ipandwe myengine, na watu waanze kupikia gesi. Mzee mmoja akauliza mbona taa zimekuja na bado wake zao wanapuliza moto; si wapikie huo huo umeme? Nassor akavua miwani, akaifuta. Umeme wa kuwasha taa upo, alisema, wa kuteleka sufuria bado ni mzito kwa mfuko wa mtu. Gesi nayo? Gesi nayo inachimbwa na kusafirishwa kwa vyombo. Ina moshi wake, hata kama hauonekani. "Siwaambii ni ya peponi. Nawaambia haikati mkoko."

Watu walimpenda kwa jibu hilo. Ingekuwa vyema mkutano ungeishia hapo. Lakini mtu mmoja nyuma akauliza, "Basi ni nani aliyetumalizia mikoko yetu?" na vichwa vyote, kimoja baada ya kimoja, vikamgeukia Khatib.

Khatib alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani. Angeweza kusema, "Nilikata, ndiyo, nanyi mkala." Angeweza kumtazama dada yake, aliyekaa upande wa wanawake, hatua sita kutoka kwake. Hakumtazama. Alitazama mikono yake tu. Na Bi Mwanabaraka, ambaye neno lake moja lingemtoa ndugu yake pale, aliangalia ubao kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza kusoma.

Kwa nini alinyamaza? Tuseme ukweli, aliogopa. Jina lake lilikuwa safi kuliko sufuria zake, na alijua likishapata sizi halitasuguliwa likatakata. Makubaliano yalitiwa saini, kamati ikaundwa, na Mgeni, binti wa marehemu kaka yake, akafanywa katibu. Khatib alitoka kabla ya dua. Tangu siku ile hakuonekana kwenye shughuli yoyote. Alilima mihogo yake, akiswali akirudi nyumbani. Na kwa kuwa hapakuwa tena na kuni, hapakuwa na ukoko wa kumpelekea.

Shughuli ya kwanza ya gesi ilikuwa maulidi. Wageni wa mradi wa kulinda mikoko walitangaza kuwa wangekuja kutazama, na Mgeni, kwa uzalendo wa ukatibu, akamwomba shangazi yake pasionekane hata kijinga kimoja cha moto.

"Na kupalia?" Bi Mwanabaraka akauliza.

"Bwana Nassor kasema moto wa gesi watosha, shangazi. Waupunguza tu."

"Kashawahi kupika pilau, yuno bwana Nassor?"

"Ana mke, shangazi."

Basi alipika kwa gesi peke yake. Maji yalipokauka alipunguza moto, akafunika, akasubiri, mikono ikimwasha kwa kukosa makaa ya kukusanya. Alipofunua, alijua kabla ya kuonja. Chini uliungua. Juu ulikuwa na kiini. Katikati palikuwa na wali kidogo unaolika, nao akaupeleka kwa wageni wa mradi, ambao walipiga picha. Waliobaki walikula wakasema alhamdulillahi. Kisha masinia yakarudi, thelathini na mawili, na kila moja lilikuwa na ukingo wa wali mweupe uliosukumwa kandokando. Aliyatazama yote moja moja, hakujionea huruma hata kwa moja. Usiku huo homa ilimpanda, na haikuwa malaria.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa pale Hamad, mwenye duka, alipomwozesha binti yake Safaa. Hamad alikuwa mtu mwema mwenye kupenda mambo makubwa. Alikuja kwa Bi Mwanabaraka na kilo moja ya halua, akakaa barazani, akazunguka weee, mwisho akatua.

"Bi Mwanabaraka, watu mia sita. Wengine watoka Unguja. N'kaaibike mbele ya Waunguja?"

"Wataka nini, Hamad?"

"Mkandaa. Mizigo kumi tu. Harusi moja haimalizi msitu. Sheha n'tasema naye mwenyewe."

Bi Mwanabaraka hakujibu siku ile. Alijua hesabu ya "harusi moja" kuliko mtu yeyote. Alikuwa amezipika zaidi ya mia nne, na kila moja ilikuwa moja. Akafikiri mizigo kumi mara mia nne, akauona msitu mzima ukipita chini ya sufuria zake, ukitoka moshi. Na nyuma ya moshi, jaruba za mama yake. Alikuwa ameyajua hayo tangu siku ya mkutano, lakini kujua na kukubali ni majirani wasiosalimiana.

Lakini pia aliona masinia mia na hamsini yakirudi na wali kandokando. Jina lake lingekufa siku hiyo, mbele ya Waunguja.

Alimwita Mgeni alete jiko dogo la gesi na mtungi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana: akajifunza kupika. Alichukua sufuria ya kilo mbili, na kwa kuwa hakuwa na kitu chengine, akaokota vifuu jikoni kwake, akaviwasha, akavipalia. Moto wa watoto. Viliwaka kwa hasira, vikafa mara moja, wali ukabaki nusu. Kuku wakala. Siku ya pili alivifunika kwa majivu vilipokuwa vyekundu, navyo vikakaa zaidi, lakini gesi ikaunguza chini. Kuku wakala tena. Siku ya tatu alitia kipande cha bati nene la pipa kati ya gesi na sufuria ili moto usipige mahali pamoja, akaupunguza mpaka ukabaki duara la buluu lisilomchoma nzi, akapalia vifuu juu, akavifunika kwa majivu na makumbi ya nazi yaliyotiwa maji kidogo. Akakaa. Akavuta uradi wake wote. Akafunua.

Mgeni alionja, akaonja tena.

"Sema," akasema Bi Mwanabaraka.

"Shangazi, kuku leo hawapati kitu."

Khatib alikuja kesho yake baada ya alasiri, panga lake limefungwa kwenye gunia. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga pale tangu mkutano.

"Salaam alaykum."

"Waalaykum salaam. Keti, Khatib."

Hakuketi. "Hamad kanipitia. Kanambia n'kate mizigo kumi ya harusi. N'kamwambia sikati mpaka n'sikie kwako. Siku zote hukata kwa neno lako."

Aliyasema hayo bila kinyongo, na ndiyo maana yalimchoma. Siku zote kwa neno lake. Pale skuli alipolihitaji neno hilo, hakulipata.

"Usikate," akasema.

Khatib akaitikia kwa kichwa, akaanza kugeuka.

"Ngoja. Nna kazi nyengine nawe. N'tafutie vifuu. Magunia manane, yakizidi ni kheri."

Khatib alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Vifuu? Si wewe dada uliyenena vifuu ni moto wa watoto?"

"Ndimi."

"Mie, na mvi zangu zino, n'pite nyumba hata nyumba nkiokota vifuu? Wanitazame tena?"

Hapo Bi Mwanabaraka alitaka kusema. Neno lilimfika kwenye meno. Lakini Khatib alikwisha kulichukua gunia lake na panga lake, akashuka barazani, hakusema ndiyo wala la. Dada mtu alibaki akitazama njia. Bila vifuu vile hapakuwa na pilau, na bila Khatib, aliona wazi jioni ile, hata pilau ingeiva isingemshuka.

Siku ya harusi sufuria sita zilitelekwa tangu asubuhi nyuma ya nyumba ya Hamad, kila moja juu ya jiko lake la gesi na kipande chake cha pipa. Mgeni alikuwa amekusanya vifuu kwa majirani, gunia moja na nusu. Havikutosha hata sufuria mbili. Hamad alipita mara tatu akitia pua, akiuliza kama mkandaa umefika, na kila mara Bi Mwanabaraka alimwambia, "Wee kamshughulikie bwana harusi, sufuria niachie mimi."

Nyama ilikuwa imeiva na mchele umeoshwa wakati ilipolia kengele ya baiskeli. Khatib alikuwa akiisukuma, haipandiki kwa magunia. Nyuma yake ilikuja gari ya ng'ombe yenye magunia mengine. Hakuwa amepita nyumba hata nyumba. Alikuwa amekwenda mpaka Konde, kwa wakausha nazi za mbata, ambako vifuu hulala malundo kwa malundo na watu hushukuru wakipata wa kuwaondolea. Yalikuwa magunia kumi na mbili.

"Wapi niyatue?" akauliza.

"Hapo hapo ulipo," akasema dada yake.

Aliyatua, akakaa mbali chini ya ukuta, kwenye kivuli, kama mtu aliyekuja kuomba moto akaambiwa asubiri.

Nisizidishe maneno. Mchele ulitiwa, maji yakakauka, mioto ya chini ikapunguzwa hadi duara la buluu. Vifuu viliwashwa pembeni kwenye shimo, vikawa vyekundu, vikapaliwa kwa koleo kwenye vifuniko sita, majivu juu, makumbi ya unyevu juu ya majivu. Bi Mwanabaraka alitembea kati ya sufuria, akiweka sikio karibu na kila moja, maana wali unaoiva una mlio wake. Alipofunua ya kwanza, mvuke ukampiga usoni, akaingiza mwiko hadi chini na kugeuza. Punje zilisimama. Alifumba macho, akasema alhamdulillahi, na safari hii ilikuwa ya kweli.

Masinia yalitoka. Masinia yakarudi. Alikaa kwenye kibao akayasoma: iliki, mdalasini, iliki, mfupa, iliki. Sinia moja la Waunguja lilirudi limefutwa kabisa, kana kwamba limeoshwa. Hamad alikuja akitoka jasho la furaha akasema Waunguja wameuliza mpishi ni nani.

Baada ya kula, kama ilivyo ada, mpishi aliitwa aombewe dua. Alisimama mlango wa uani, ukaya umefunika nusu ya uso, wanaume wamekaa kwenye majamvi uwanjani. Sheha, kiongozi wa shehia, mtu wa maneno mazuri, akasimama.

"Tumshukuru Mungu, kisha tumshukuru Bi Mwanabaraka," akasema. "Harusi ya watu mia sita, na hakukukatwa mkoko hata mmoja. Wako waliotumalizia mikoko, na wako wanaotunusuru."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Vichwa vikaanza kugeuka kuelekea ukutani, kimoja baada ya kimoja, kama siku ile.

"Sheha," akasema Bi Mwanabaraka.

Wanawake hawakatizi dua, lakini dua ilikuwa bado haijaanza. Watu walimgeukia yeye.

"Mikoko ile Khatib hakuila. Khatib alikata kwa neno langu. Kila mzigo. Nilimwambia kumi, kaleta kumi. Nilipika mikoko ile miaka thalathini, nyie mkala, mkanisifu. Na bonde la mama yangu nimelipika mimi mwenyewe. Siku ya mkutano wa skuli nilikuwa nimekaa pale pale, n'kanyamaza, mdogo wangu akabeba peke yake. Naona haya. Mkiomba dua, niombeeni msamaha kwake kwanza."

Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa. Hamad alitazama jamvi, maana naye alikuwa na mizigo kumi yake moyoni. Sheha akanyanyua mikono, akaomba dua ndefu kuliko ilivyokuwa imepangwa. Khatib alikuwa ameinua mikono kama wengine, uso ameuinamisha, na hakuna aliyeweza kuuona.

Bi Mwanabaraka alirudi uani. Aliinama kwenye sufuria ya kwanza, akakwangua ukoko. Ulikuwa mwembamba, rangi ya asali, umetoka mzima. Aliuweka kwenye sahani. Mgeni alinyoosha mikono ampelekee.

"La," akasema. "Huno n'taupeleka mimi."

Alikatiza uwanja wa wanaume na sahani ile mbele ya watu wote, mwanamke wa miaka sitini na tatu, akaenda mpaka ukutani.

"Ukoko wa mwenye kuni," akasema.

"Sikuleta kuni," akasema Khatib. "N'lileta vifuu."

"Twaa."

Akaipokea. Dada mtu hakungoja kumwona akila. Akarudi kwenye sufuria zake, akaanza kuzitia maji, akijishughulisha na kila kitu isipokuwa kugeuka nyuma. Watu walianza kutawanyika. Ngoma zilisikika upande wa nyumba ya bibi harusi. Chini, kwenye tope karibu na bonde, miche ya mikoko iliyopandwa na kamati ilikuwa imefika kimo cha goti, na mpunga bado haukuwa umerudi, na huenda usingerudi yeye akiwa hai. Hilo alilijua.

Mgeni alimletea sahani pamoja na vyombo vyengine. Bi Mwanabaraka aliipokea bila kutazama, kisha akaitazama. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, kutazama.

Khatib alikuwa ameuvunja ukoko kwa mkono. Nusu ilikuwa imeliwa. Nusu ya pili ilikuwa palepale katikati ya sahani, haikusukumwa pembeni.

Bi Mwanabaraka aliketi chini kati ya sufuria zake, akaila nusu yake, yote.